Beizimenti na mvua za Mwanza: maji yanaingiaje, na kwa nini watu wanashindwa kutoka

Kila mvua ya maana ikishuka hapa Mwanza, hata kabla mitaro haijakauka, kwenye magrupu inaanza kuzunguka klipu ya pakingi ya chini imejaa maji, magari yanaelea yanagongana, halafu chini yake ligi inaanza. Mmoja anasema ziwa limepanda hilo. Mwingine anasema hayo ni mambo ya China na treni zao za chini, sisi hayatuhusu. Anakuja fundi anasema jengo la zege haliingizi maji labda mmechakachua saruji, wa mwisho anauliza kwani hawana pampu? Klipu yenyewe hata haijulikani ni ya wapi wala lini, ila mabishano yanaenda mpaka usiku. Wakuu, karibu kila mmoja hapo ana kaukweli kadogo, tatizo wanachanganya maji ya aina tatu tofauti wanayaita mafuriko tu, na hakuna anayeuliza kwamba kama kulikuwa na mtu mle chini, alitokaje?

Hilo ndo nataka tulikalie, sababu sehemu ya chini ya ardhi ina kasoro moja ambayo ghorofa ya juu haina: pale maji yanapoingilia ndo hapohapo mtu anapotegemea kutokea, na maji huwa yanawahi.

Tuanze na maana. Nikisema beizimenti, au sehemu ya chini ya ardhi, namaanisha chumba chochote ambacho sakafu yake iko chini kuliko ardhi ya nje, hata kama ni upande mmoja tu. Kwa maana hiyo tunazo kibao bila kuwa na treni hata moja ya chini. Stoo za chini ya maduka mjini, pakingi za chini za mahoteli na maofisi, vyumba vya jenereta na pampu, matanki ya maji ya kuchimbiwa, chemba, mashimo ya vyoo. Dar wao wana Kariakoo, soko la tangu miaka ya 1970 ambalo lina sehemu ya chini na watu wanaiita Shimoni bila hata kufikiria mara mbili. Na sisi watu wa milimani tuna ya kwetu ambayo huwa hatuihesabu kabisa, nyumba iliyochongwa kwenye mteremko. Panda Mabatini, Isamilo, Igogo, Kitangiri, utaona, kiwanja ni mlima, mtu anauchonga anapata sehemu ya kukaa chumba, mbele mlango wa kawaida unatazama njia, nyuma ukuta umegusana na udongo mpaka usawa wa lenta. Mwenye nyumba anakiita chumba cha chini, mpangaji anakiita geto, ila kwa upande wa maji hiyo ni beizimenti kamili.

Kitu cha pili ni milimita. TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa, wakisema mvua kubwa wanamaanisha zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24, na watu wengi wakisikia milimita wanaona ni kitu kidogo, ni kama alama za rula. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba. Basi. Kwahiyo milimita 50 ni lita 50 zimemwagwa kwenye kila mita ya mraba ya mji mzima, kwenye mabati, kwenye lami, kwenye mawe, na kama ardhi ingekuwa tambarare na maji hayaendi popote, yangekuishia chini ya kifundo cha mguu. Hakuna anayekufa hapo.

Ila maji hayakai yalipodondokea. Kila mtu aliyekulia kwenye nyumba ya bati analijua hili: ukiweka sufuria katikati ya uwanja wakati wa mvua linapata maji kidogo tu, ukiliweka chini ya ukingo wa bati linajaa ukigeuka tu, sababu pale linapokea maji ya bati zima. Mvua ni ileile. Beizimenti ndo sufuria lililowekwa chini ya ukingo, na bati lake ni mtaa mzima ulio juu yake.

Tupige hesabu kidogo, si ngumu. Chukua eneo la mita 100 kwa mita 100 lenye lami na mabati, linateremkia upande wa jengo moja. Inyeshe milimita 50 ndani ya saa moja. Hizo ni lita 500,000. Tuseme sehemu moja kati ya tano imepotelea njiani, zimebaki lita 400,000, ni maboza 40 ya lita elfu kumi kumi. Sasa chukua pakingi ya chini ya mita 20 kwa 30, ambayo wala si ndogo, ukiyaingiza humo yote maji yanafika sentimita 66, yamepita magoti ya mtu mzima. Saa moja tu. Na barabarani pale juu mtu anaweza kuwa anavuka kakunja suruali anaendelea na safari zake.

Sasa Mwanza yenyewe. Tunajisifia Jiji la Miamba, tunapiga picha kwenye jiwe la Bismarck, sawa, ila jiwe la graniti halinywi maji. Mvua ikipiga mlima wenye mawe na juu yake tumeongeza mabati na zege, karibu yote inateremka, tena kwa kasi, na katikati ya mji ndo pako chini, milima inamwaga kuelekea mto Mirongo, Mirongo unamwaga ziwani. Njiani maji yanabeba mchanga, mawe madogo na takataka zetu wenyewe, mtaro wenye kina cha kiuno unabaki na kina cha goti. Hapo maji yanatafuta pengine pa kwenda, na kama kuna njia ya magari inateremka kwenda chini ya jengo, wameyatengenezea mteremko safi kabisa wa zege.

Halafu kuna suala la muda. Ziwa letu la Victoria lina tabia yake: usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unavuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani kutoka kila upande, hewa yenye unyevu inakutana kule katikati inanyanyuka, radi zinajengeka usiku mpaka alfajiri. Wavuvi wanalijua hili kuliko mtu yeyote. Maana yake kwa mada yetu ni kwamba mvua nzito inaweza kukukuta watu wamelala, kwahiyo wa kumfikiria kwanza ni mlinzi na kijana anayelala stoo chini kulinda mzigo.

Haya, maji yenyewe. Nimesema ni ya aina tatu. Ya kwanza ni hayo ya juu, yanayotembea kwenye ardhi na kuingilia mlangoni, kwenye njia ya magari, kwenye ngazi, na kwenye vile vidirisha vya hewa vilivyo usawa wa barabara ambavyo watu huvisahau. Haya ndo yanayoua kwa sababu ya kasi. Ya pili ni maji yanayorudi kwenye mabomba. Tundu la sakafu, choo, sinki la beizimenti viko chini kuliko mtaro wa barabarani, mtaro ukijaa, bomba lililokuwa linatoa maji linageuka linayaingiza, unakuta sakafu inabubujika maji meusi wakati mlangoni hakujapita hata tone. Watu wakiona hivyo wanasema uchawi au wanasema chemchemi. Ni bomba tu halina vali ya njia moja. Ya tatu ni maji ya ardhini, haya ni wapole, yanapenya siku hadi siku, ukuta unalowa, rangi inavimba, chumvi nyeupe inatoka, pampu inafanya kazi hata kiangazi.

Ziwa linaingia wapi? Linaingia hapo kwenye ya tatu, na kidogo kwenye ya pili. Kati ya mwishoni mwa 2019 na Mei 2020 ziwa lilipanda zaidi ya mita moja, likafika kwenye viwango ambavyo vilikuwa havijaonekana tangu 1964, na mialo, hoteli za ufukweni na mashamba pande zote za nchi tatu vikaliwa na maji. Kwa jengo lililo karibu na ufukwe, Kirumba au Capri Point chini kule, ziwa likipanda maji ya ardhini nayo yanapanda, na mto Mirongo unapata shida kumwaga sababu mdomo wake umejaa. Hilo ni kweli. Ila gawanya mita moja kwa miezi kama saba unapata karibu nusu sentimita kwa siku. Ziwa linakupa taarifa ya miezi, mvua iliyokusanywa na mlima inakupa dakika. Ukiona beizimenti imejaa kati ya saa kumi alfajiri na saa kumi na moja, achana na ziwa, angalia juu mlimani. Na wanaosema "mimi niko mbali na ziwa, niko juu" ndo wa kuwahurumia zaidi, maana wao wameondoa hatari moja ndogo wakabaki na kubwa.

Sasa tuingie ndani na mlango ufungwe.

Maji yana uzito, hilo kila aliyebeba ndoo analijua, lakini watu hawafikirii kwamba yanasukuma pembeni vilevile. Mlango wa upana wa sentimita 90, nje maji yamefika sentimita 50, yaani usawa wa goti la mtu mrefu: maji yanausukuma kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 112. Yakifika mita moja hayawi mara mbili, yanakuwa mara nne, kama kilo 450. Mahesabu haya ni ya fizikia ya sekondari, hayategemei mlango ni wa bei gani. Na milango ya kutokea huwa inafunguka kwa nje, kwa sababu nzuri tu ya moto, watu wakikimbia wasukume watoke. Kwenye beizimenti hiyo "nje" ni kwenye kisima cha ngazi ambako maji ndo yanajaa, kwahiyo unasukuma dhidi ya maji. Kama mlango unafunguka kwa ndani, ukitoa kitasa maji yanakuja nao, yanakurusha nao. Hakuna mlango mzuri kwenye hali hiyo, kuna kutoka mapema tu.

Ngazi nazo. Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto walijenga ngazi na milango ya ukubwa halisi kwenye maabara, wakamwaga maji, wakawaambia watu wapande. Kina cha sentimita 30 pale juu kwenye mdomo wa ngazi kilitosha kufanya kupanda kuwe kwa hatari kwa mtu mzima. Sentimita 30 ni rula ya mwanafunzi, hiyohiyo ndefu. Barabarani kina hicho mtu anaona ni maji ya kukanyaga, ila yakianza kushuka ngazi yanapata kasi, yanakupiga miguuni, kila hatua unayonyanyua ni mguu mmoja uliobaki kukushikilia.

Korea Kusini ndo imetoa mafunzo makali kuliko kwingine nadhani. Tarehe 8 Agosti 2022 Seoul ilipigwa mvua nzito jioni, na familia ya watu watatu, mmoja wao binti mdogo, wakafariki kwenye chumba cha nusu chini ya ardhi. Kule vyumba hivyo ni vya bei nafuu, nusu ya dirisha iko juu ya ardhi nusu iko chini, maskini ndo wanakaa. Mlango uligoma kwa sababu ya maji. Dirisha lilikuwa na nondo za kuzuia wezi. Majirani walikuja, walihangaika, wakashindwa. Sasa simama kidogo hapo, angalia madirisha ya chumba chako. Sisi bila grili hatulali, tena grili imechomelewa moja kwa moja ukutani, haina bawaba wala kufuli. Mimi sisemi tuzitoe maana wezi wapo, nasema kwenye chumba cha chini dirisha moja grili yake iwe na bawaba, kufuli kwa ndani, na ufunguo utundikwe pale karibu kila mtu wa humo ndani aujue. Fundi wa kuchomelea haimchukui hata nusu siku.

Mwezi uliofuata, tarehe 6 Septemba 2022, mji wa Pohang hukohuko Korea, tufani likapita, mto wa jirani ukafurika, na wakazi wa maghorofa walitangaziwa wakatoe magari pakingi ya chini. Wakashuka. Ndani ya dakika chache maji yakamiminika kwenye njia ya magari, saba wakafariki, wawili walikutwa hai wameshikilia mabomba darini. Hili ndo linalonisumbua mimi kuliko yote, sababu ni kitu ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya, gari ni mkopo, gari ni kazi, unasema nashuka fasta natoka. Wote mnashuka kwa wakati mmoja, magari yanapanga foleni kwenye njia moja ya kutokea, na njia hiyo ndo mdomo wa maji. Gari lililozimika pale mdomoni limewafungia wote walio nyuma.

New York usiku wa tarehe 1 Septemba 2021, watu 11 walifariki kwenye vyumba vya beizimenti, vingi havikuwa na kibali cha watu kuishi. Delhi, 27 Julai 2024, wanafunzi watatu wa masomo ya ziada walifia kwenye maktaba iliyowekwa beizimenti, kibali cha pale kilikuwa cha stoo na pakingi. Huko hakukuwa na tufani, ilikuwa mvua ya msimu. Ukiangalia hivi visa viwili vinafanana na vya kwetu kuliko vile vya treni, sehemu ilijengwa kwa kazi moja, pesa ikaifanyia kazi nyingine, na idadi ya milango ikabaki ileile ya stoo.

Treni ya China nayo ipo kweli, siikatai. Zhengzhou, 20 Julai 2021, milimita 201.9 ndani ya saa moja. Sisi Mwanza mwaka mzima tunapata kama milimita elfu moja na kidogo, kwahiyo pale ilinyesha sehemu ya tano ya mwaka wetu kwa saa moja, maji yakabomoa ukuta kwenye yadi ya treni yakaingia kwenye njia, abiria 14 wakafariki. Ile ilikuwa mvua ya ajabu. Ila ukiikariri hiyo tu utaamini kwamba hatari inahitaji mvua ya ajabu, na hesabu yetu ya juu pale imetumia milimita 50 tu.

Pampu sasa. Hii ndo imani kubwa kuliko zote, "pampu ipo". Pampu ndogo ya kwenye kishimo cha beizimenti, tuseme inatoa lita 10,000 kwa saa, kwenye zile lita 400,000 ingehitaji saa 40, na hapo hatujakata umeme. Pampu hizi zipo kwa ajili ya yale maji wapole ya aina ya tatu na uchafu wa kuosha sakafu, ukiitegemea kwenye mafuriko umeipa kazi si yake. Na umeme unapokatika mara nyingi ni wakati wa mvua hiyohiyo yenye radi, halafu jenereta iko wapi? Iko chini, sababu inapiga kelele na juu ni pa kukodisha. Swichi kubwa ziko wapi? Chini. Maji yakifika kwenye swichi pampu imekufa, taa zimekufa, lifti imesimama, geti la umeme limegoma, na sakafu yenye maji inaweza kuwa na umeme ndani yake.

Kuna jengo moja mjini niliwahi kushuka stoo yake ya chini kumsaidia ndugu kuhamisha mzigo. Chini ya mteremko kuna grili ya chuma ya kupokea maji kabla hayajaingia ndani, kazi yake ni hiyo tu. Matundu yalikuwa yamezibwa na vifungashio vya nailoni, vizibo vya chupa na mchanga ule mwekundu wa mlimani umekauka ukawa kama sakafu, panya wangeweza kutembea juu bila kudondoka. Mlinzi, mzee wa watu, nikamwamkia nikamuuliza kuhusu pampu, akasema "mwanangu hiyo inajiwasha yenyewe, usiwe na wasi". Tukafunua mfuniko. Boya la kuwashia, lile ambalo maji yakipanda linanyanyuka pampu inawaka, lilikuwa limefungwa kwa kamba ya katani juu kwenye bomba na swichi imezimwa ukutani. Kumbe ilikuwa inawaka kila mara inamaliza umeme wa LUKU, ule wa kununua kabla ya kutumia, mtu akaona dawa ni kuifunga. Plagi yake ilikuwa kwenye soketi iliyo usawa wa goti. Sikumlaumu mzee, yeye analipwa kulinda, na LUKU hainunui yeye, ila hapo unaelewa kwamba kwenye karatasi jengo lina kila kitu.

Kuhusu zege, fundi wetu wa kwenye grupu hayuko mbali sana na ukweli, zege zuri lililoshindiliwa halipitishi maji kirahisi. Ila beizimenti ni zaidi ya zege. Pale sakafu inapokutana na ukuta kuna mshono. Pale bomba lilipotobolewa kupita kuna mwanya. Na tofali za block zilizosiribwa hazina uhusiano wowote na zege hata uzipake rangi ya mafuta mara tatu.

Hapo ndo nirudi kwenye nyumba za mteremkoni, sababu zina ujanja wake. Mtu anakwambia "mimi nimejenga juu ya mwamba, siogopi". Mwamba unakusaidia nyumba isidondoke, kwenye maji unakuumiza. Mvua inapenya udongo mwembamba wa juu, inagonga jiwe, haiwezi kuzama zaidi, inaanza kutembea juu ya jiwe chini ya udongo kuelekea chini, na kitu cha kwanza inachokutana nacho ni ukuta wako wa nyuma. Kama ukuta hauna pa kuyatolea, maji yanasimama nyuma yake yanapanda, na ule msukumo tulioupigia hesabu mlangoni sasa uko kwenye ukuta, pamoja na udongo uliolowa ambao ni mzito zaidi. Mafundi wazuri wa milimani wanaijua dawa: nyuma ya ukuta unajaza kokoto na mawe, si udongo uliouchimba, chini kabisa unalaza bomba lenye matundu linatoa maji pembeni, na kwenye ukuta wa kingo unaacha vipande vya bomba vimelala vikitazama chini kidogo. Vile vipande vikitoa maji wakati wa mvua ni habari njema. Vikiwa vikavu wakati kila kitu kimelowa, na wewe ndani unaona ukuta umeanza kufanya tumbo, usilale humo. Na unakuta mtu amevisakafia kwa saruji kisa vinachafua rangi ya ukuta.

Kama unapanga au unanunua chumba cha chini, usianze na kuuliza kama panajaa maji, utajibiwa hapana hapajawahi. Toka nje tafuta tundu la chini kuliko yote, liwe mlango, kidirisha cha hewa, tundu la waya, chochote. Hilo ndo geti lako halisi, haijalishi mlango mkuu umeinuliwa kiasi gani. Angalia mistari ya tope ukutani nyuma ya makabati. Angalia swichi ziko usawa gani. Kwa wenye majengo, kitu cha bei nafuu kuliko vyote ni tuta la zege pale juu kabla njia ya magari haijaanza kuteremka, maji yakutane na mlima kwanza, hata wa sentimita 20 au 30, halafu sehemu ya kuchomeka mbao juu yake mvua ikizidi. Tuta hilo halili LUKU. Nje kidogo ya Tokyo kuna handaki la kilomita 6.3, karibu mita 50 chini ya ardhi, la kumeza mafuriko, limekamilika 2006, na watu wanalileta kwenye mabishano kama vile bila handaki hakuna cha kufanya. Tuanze na tuta jamani.

TMA wakitoa angalizo la njano huo ndo muda wa kufagia grili na kupandisha mzigo juu ya chaga. Wakifika rangi ya chungwa au nyekundu, alalaye chini akalale juu usiku huo, na magari yatolewe mchana ule, mvua ikiwa bado haijaanza. Ikishaanza kuingia, gari ni la huko. Maji yakiwa yanafunika kiatu tayari umechelewa kidogo, usitafute simu, usitafute viatu, panda ngazi huku umeshika ukuta, lifti usiiguse maana shimo lake ndo chini kuliko kila kitu na linaweza kukupeleka kwenye maji. Mlango ukigoma, sukumeni wawili watatu kwa pamoja upande wa kitasa, mbali na bawaba, nguvu yenu inafika vizuri zaidi hapo. Zimamoto ni 114, ila apige aliye juu.

Mvua ikiisha kuna kosa la mwisho ambalo watu wengi wanalifanya kwa nia nzuri kabisa. Wanaleta pampu ya petroli, wanaishusha chini, wanaiwasha humohumo. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, kwenye chumba kisicho na madirisha inalaza watu ndani ya dakika chache. Mashine ibaki juu, nje, mpira ndo ushuke. Na usiyatoe maji yote siku hiyohiyo hata kama mwenye duka analia, sababu udongo wa nje bado umelowa unasukuma ukuta, na maji ya ndani kwa wakati huo ndo yanayousaidia ukuta kusukuma nje. Toa kiasi cha futi moja hivi, weka alama ya chaki ukutani, acha mpaka kesho. Ukirudi asubuhi ukakuta maji yameipita alama, nje bado kumejaa, subiri. Yakiwa palepale, endelea na nyingine.